Watoto Wangu Hawahesabiwi

Ilkiding'a,
Arusha.
8 Juni, 2025

Mpendwa mjukuu wangu Lesian,

Habari za Mwanza? Kifua kimepona, au bado unakunywa maji baridi kama mtu asiye na bibi? Huku tumeamka. Baridi ya mwezi huu inauma, Meru haijaonekana kwa mawingu, na goti langu linalalamika kila nikipanda kutoka kanisani. Ng'ombe wote wapo.

Anayeandika ni Diana, mke wa baba yako mdogo, maana mimi kalamu siijui. Nimemwambia aandike ninavyosema, asilainishe. Simu sikutaka. Kwenye simu ungenitania, ningecheka, hasira yangu ingepotea bure.

Lesian, umeniuza.

Jumapili iliyopita akina mama tulikuwa tunakunywa chai nje ya kanisa. Jackline, yule jirani asiyeziba mdomo, akatoa simu: "Njooni mumwone mwalimu wetu wa Kiingereza!" Nikasogea na fahari yangu yote. Kwenye video umenenepa kidogo, umependeza. Nikasema, huyo ni mume wangu, mniachie. Wakacheka. Mara nikasikia unasema "koko" katikati ya Kiingereza, yaani mimi bibi yako. Nikamwuliza Diana unasema nini. Kabla hajajibu, Jackline akatafsiri kwa sauti: "Anasema, kama koko angekuwa na maziwa mengi mwaka ule wa njaa, asingezika watoto..." Akaitaja namba. Kisha wewe mwenyewe ukawahesabu waliobaki, kwa vidole, unatabasamu.

Mmoja wao akanigeukia: "Mama Kasaine weee, kumbe ulizaa wote hao? Mbona ulikuwa kimya?"

Nikaiacha chai yangu pale pale. Namba hiyo siirudii, na Diana nimemkataza kuiandika.

Nyumbani Diana alinieleza. Ulikuwa unafundisha kwamba kwa Waingereza kuna vitu vya kuhesabika na visivyohesabika, na namna ya kusema hiki kingekuwepo, kile kisingetokea. Maziwa hayahesabiki, watoto wanahesabika. Sawa, kwao. Kwetu watoto wako upande mmoja na maziwa na mvua. Umekulia kwenye boma langu. Umewahi kunisikia nahesabu ng'ombe? Jioni nasimama mlangoni naangalia rangi zao, asiyekuwepo namjua. Watu na mifugo hawahesabiwi kwa mdomo, ni kuwaitia mauti, na waliotangulia hawachanganywi na walio hai. Hilo unalijua tangu unatambaa.

Na habari ya mwaka ule nilikupa wewe peke yako, ulipoumwa surua ukaniuliza kwa nini nalia. Hata baba yako sikumwambia. Ungesema chumvi! Ungesema ndizi! Vitu vya kufundishia vimekuishia mpaka uje uchukue makaburi yangu?

Dada yako Resiato, huko Lemara, anakaribia kujifungua, naye ameiona. Amenipigia analia. Anasema umehesabu waliopo na waliotangulia, sasa wa kwake ataingia upande upi? Nimemwambia Mungu si mwalimu wa Kiingereza. Lakini hali, halali. Ndiyo sababu ya barua hii: ifute video hiyo kabla hajajifungua, umpigie, asikie kwa mdomo wako kwamba umeifuta. Mwombe yeye msamaha kwanza. Mimi nitasubiri, nimezoea.

Usidhani nimekutupa. Krismasi uje, nitakupikia loshoro, makande yetu ya maziwa mgando, mpaka ushindwe kuinuka. Ila ukiniuliza habari za zamani nitakuambia ukalale.

Baba yako mdogo Meitamei anakusalimu, na shangazi yako Esther wa Sokon. Mungu akufunike mgongo na kifua, akupe wanafunzi wenye adabu kukuzidi.

Mtoto wa Resiato akizaliwa, utaambiwa jina lake. Usiulize ni wa ngapi.

Wako akupendaye hata kwa hasira hii,
Koko, mama wa baba yako.