Kisu Kilichopewa Jina la Wifi

Kijiji cha Balisong,
Taal, Batangas,
Ufilipino.
19 Juni 2009

Mpendwa dada Anselma,

Shikamoo dada. Habari za Milano, na habari za magoti yako? Ulisema yanakuuma ukipanda ngazi za nyumba ya yule bibi unayemtunza. Nakuombea upone, na bibi naye apunguze ukali. Sisi huku ni wazima. Baba anakohoa asubuhi lakini anakula vizuri, na bado anagombana na daktari kuhusu kahawa. Mvua zimeanza, na paa la jikoni linavuja palepale unapopajua.

Barua hii anakuletea Rufina, binti wa jirani yetu wa nyuma, ambaye amepata kazi hukohuko. Ningeweza kukupigia simu, lakini Baba hukaa karibu na simu akisubiri zamu yake ya kuongea nawe, na haya ninayotaka kukueleza sitaki ayasikie. Basi kaa kitako, chemsha kahawa, usome taratibu.

Ni habari za wifi yetu, Divina. Wewe unamjua kwa picha za harusi tu. Mimi naishi naye. Tangu kaka yetu Teofilo arudi kazini melini, mkewe yuko hapa nyumbani, na kila asubuhi huchukua kikapu chake cha vitumbua vya mchele na kwenda kuuza sokoni Lemery. Ni mwanamke mchangamfu, mchapakazi, na ana sauti ya kuamsha mtaa. Sina neno baya juu yake. Nimetafuta sana na sijalipata, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mwezi wa tatu kijana mmoja alimvizia njiani akamvuta mkoba. Mkoba haukukatika, lakini mkono ulivimba. Aliporudi hakuingia ndani kujitazama kwenye kioo kama ningefanya mimi. Alikwenda moja kwa moja karakana, akasimama mbele ya Baba na kikapu chake kichwani.

"Baba, nyumba nzima imejaa visu, na mimi natembea mikono mitupu."

Baba akampa balisong, kile kisu chetu cha kila siku cha kukunja, chenye mipini miwili inayozunguka bapa. Divina akaizungusha mara moja tu, akajikata kidole.

"Hiki kinataka mtu aliyezaliwa nacho," akasema, huku akinyonya kidole. "Mimi mkono mmoja umeshika kikapu. Nitengenezee cha mtu mwenye mkono mmoja, asiyejua kitu, na anayeogopa."

Dada, Baba alicheka. Unakumbuka nilikuandikia kwamba tangu tumzike Mama sijamsikia akicheka. Nilikuwa pale pale na tupa mkononi, nikasema moyoni: kumbe kicheko kilikuwepo siku zote, kilikuwa kinamsubiri huyu.

Tangu siku ile Divina akirudi sokoni anakwenda kukaa karakana. Anakalia kigoda changu. Simfukuzi, maana atainuka upesi na kuomba radhi, na nitaonekana mimi ndiye mwenye roho ndogo. Anachora kwa mkaa sakafuni, na Baba anainama kutazama kama mtoto.

"Hapa weka pete, Baba."

"Pete ya nini? Unaolewa mara ya pili?"

"Ya kupitisha kidole, ili mtu asininyang'anye. Na makali sitaki. Nikiwa na makali nitajikata mwenyewe kabla sijamkata mwizi."

Na Baba akatengeneza hivyo hivyo. Mipini mifupi kama kidole gumba, pete mwishoni, na badala ya bapa ukatoka ulimi mnene wa chuma, butu, wa kumgonga mtu mfupa wa mkono akuachie uende zako. Ukitikisa kifundo cha mkono mara moja kinafunguka. Ni kitu kizuri, dada, siwezi kusema uongo. Mimi ndiye niliyekipiga msasa na kukigonga misumari ya ribiti, kwa hiyo nakijua.

Lakini nikuulize wewe unayemjua Baba. Mimi niliwahi kumwambia tubadilishe kikomeo cha kufungia mipini ya balisong kiwe kidogo, kwa ajili ya mikono ya wanawake. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Balisong ni balisong." Hapo maneno yakaisha. Leo mkwe aliyetoka kisiwa cha Mindoro anataka pete, anapewa pete. Anataka butu, anapewa butu.

Kisha likaja suala la jina. Mteja mmoja kutoka Manila alisimamisha gari kwenye kibanda chetu cha barabarani, akakichukua, akakigeuza, akauliza kinaitwaje. Baba akasema, "Divina." Hivi hivi, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Wakaanza kuja wengine. Wauguzi, walimu, wasichana wanaotoka viwandani, kila mmoja anauliza, "Mna Divina?" Na mimi nafunga kwenye gazeti, natabasamu.

Melchor, yule mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, hajabadilika mdomo. Siku moja alinipigia kelele kutoka kwake: "Leonila, na wewe chako kitaitwaje? Msasa?" Wateja wakacheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda nyuma nikasugua mpini mmoja wa pembe ya nyati mpaka ukawa mwembamba, haufai tena.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi wa tano. Divina alikuwa na mzigo mkubwa, nikamsindikiza sokoni. Tulipofika pale barabara inapopinda kabla ya machinjio, pikipiki ikasimama mbele yetu. Walikuwa wawili. Mmoja alishuka na kisu cha jikoni, akaniwekea hapa ubavuni, akaniambia nitoe mkoba. Nilisikia pumzi yake, ilikuwa inanuka pombe.

Divina akatoa Divina. Akaitikisa. Ikafunguka nusu, ikajifunga, ikamponyoka, ikaanguka kwenye vumbi. Alibaki ameshikilia hewa.

Mimi sikufikiri kitu. Niliinama, na nilipoinuka ilikuwa imeshafunguka mkononi mwangu, sijui hata ilivyofunguka. Nikamgonga kwenye kifundo cha mkono. Kisu chake kikaanguka, akapiga yowe, akarukia pikipiki, wakaondoka. Wauza samaki walikuja mbio na mapanga yao wakiuliza ni nani, nani amemfukuza. Divina alikuwa analia, akanyoosha kidole kwenye kile kisu mkononi mwangu akasema, "Ni Divina."

Basi. Yalikwisha hapo. Kabla hatujafika nyumbani habari ilishatutangulia: Divina kamfukuza jambazi, kamwokoa wifi yake. Jumapili mlangoni mwa kanisa padri alimshika mikono yote miwili. Wanawake wakaleta keki za mchele na nazi, wakamletea yeye. Na dada, yeye aliwaambia ukweli. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Jamani, mimi sikufanya kitu, ni wifi." Wakamtazama kwa upole, wakasema, tazama alivyo mnyenyekevu. Akazidi kupendwa. Afadhali angedanganya, ningepata pa kumshika.

Jioni ya Jumapili ile Melchor akaja nyumbani kusikia habari kutoka kwa shujaa mwenyewe. Tulikuwa mezani. Baba, kifua mbele, akamsogezea Divina kile kisu. "Hebu mwonyeshe mzee huyu ulivyofanya."

Divina hakukigusa. "Baba, mimi kilinidondoka. Nimesema tangu siku ya kwanza, hamtaki kunisikia. Aliyekifungua ni wifi."

Baba alinitazama. Sijui mara ya mwisho kunitazama vile ilikuwa lini. Akakisukuma kisu juu ya meza mpaka kwangu. Nikakichukua. Nikakifungua, nikakifunga, nikakipitisha mgongoni nikakipokea kwa mkono wa kushoto, nikakifungua tena. Kisha nikachukua balisong ya Baba mwenyewe iliyokuwa kiunoni mwake, nikafanya nayo yote aliyokuwa akifanya ujanani sokoni watu wakijaa kumtazama. Melchor aliweka kikombe chini.

"Nani alikufundisha?" Baba akauliza.

"Hakuna aliyenifundisha. Nimekaa pembeni yako miaka yote hii."

Akaipokea balisong yake, akaifunga. Halafu akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayegundua jambo: "Mimi nilidhani unakaa kwa sababu huna pa kwenda."

Niliondoka mezani, dada. Nilikwenda bombani nikaosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa. Divina alinifuata, akasimama karibu yangu na kitambaa, akawa anayafuta moja moja. Namshukuru kwa hilo, ingawa namshukuru kwa shida.

Asubuhi nilikuta Baba amewasha moto na kuweka nyundo yake juu ya kigoda changu. Sikuelewa. Nikasimama mlangoni. "Chuma kitapoa," akasema. Hiyo ndiyo hotuba yote niliyopata.

Nikaanza. Vipande vya kwanza nilivipinda, vingine nilivichoma mpaka vikawa kama biskuti. Baba hakunifokea wala hakunisifu, alikuwa anasogeza tu mkono wangu kwenye nyundo pale nilipoushika vibaya. Nilikuwa na wazo langu tangu siku ile barabarani. Ile Divina inakutaka umfikie mtu, na mimi sikutaka tena kusikia pumzi ya mtu. Nikatengeneza chenye vipande vitatu, kinalala mfuko wa kifuani kama kalamu, ukikirusha kinafunguka kimoja baada ya kingine mpaka kinakuwa kirefu kama mkono wako, na ncha yake butu ya chuma. Mtu anabaki huko, wewe unabaki huku. Kiungo cha katikati kilinisumbua mpaka nikakiota. Kilipokaa sawa Baba alikifungua na kukifunga muda mrefu sana, halafu akakirudisha mkononi mwangu na kusema, "Hiki sikukijua." Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote.

Divina akaruka kwa furaha kama chake. "Wifi, kipe jina lako. Usimwachie mtu." Na kweli nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimelitamka peke yangu karakana, nione linavyosikika.

Jumanne iliyopita akaja mwalimu mmoja wa kike kutoka Lipa. Akakiona, akakipenda, akauliza kinaitwaje. Nikafungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Anselma," akasema.

Ndiyo, dada, wewe. Wewe ambaye hujashika tupa tangu uwe msichana, uliyekuwa ukikimbia moto usiungue nywele. Mwalimu akasema ni jina zuri, akaondoka nalo. Nilikuonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea Divina, na Divina nimemwonea hadi nimekonda. Nilikutaja kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika barua inayobebwa na binti wa watu.

Lakini sikunyamaza. Jioni nilimwambia. "Baba, lile jina umelikosea. Aliyetengeneza ni mimi. Aliyekaa ni mimi."

Alikuwa anavua viatu. Akavua kimoja, akavua cha pili. Akasema, "Anselma yuko mbali. Divina siku moja Teofilo atamchukua. Majina yao nayapeleka barabarani, yaende na watu. Lako nalitumia hapa ndani kila siku. Nikiliuza, nitakuita nani?"

Nimelifikiria jibu hilo usiku na mchana na bado sijui kama ni ukweli wa moyoni au ni ujanja wa mzee aliyeona chakula kinachelewa. Nilimtazama usoni nikashindwa kujua. Nikaingia jikoni, nikafunua chungu cha samaki, nikampa kipande kikubwa cha karibu na kichwa, kile nilichokuwa nimejiwekea.

Basi usishangae Rufina akikuambia kwamba kuna Anselma zinauzwa barabarani Taal. Zinauzwa vizuri. Ukipata likizo uje uone, na uje na mikono yako, nitakufundisha kuifungua. Nitafurahi sana ukishindwa mara mbili tatu za mwanzo.

Msalimie mumeo Guglielmo na wanao wawili, waambie mama yao mdogo ni mhunzi. Baba anakusalimu, Teofilo amepiga simu kutoka bandarini anakusalimu, Melchor na mdomo wake anakusalimu. Na Divina anakusalimu sana. Amekaa hapa karibu yangu kwenye kigoda changu, anauliza nimeandika nini kirefu hivi.

Mungu akulinde njiani na ngazini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, wiki hii kwa kujilazimisha kidogo,

Leonila