Uji Uliofukuzwa Kwenye Friji

Manyatta, 4 Februari 2025

Kwa Shangazi Jedidah,

Natumaini goti limepoa na Ankoli Mutuma ameacha kukuficha chumvi. Huku tu wazima. Baba anasema dada yake akinunua simu inayosikika tutapumzika. Kwa sasa tumsumbue dereva wetu Gitari. Akishusha mtama wangu hapa atakuletea wako huko Ruiri, pamoja na barua hii. Najua sote tunanunua kwa mkulima yule yule wa Kiambere, na kila mmoja anaamini amepewa ulio bora.

Shangazi, nimefukuzwa. Tuseme uji wangu umefukuzwa. Ile kampuni kubwa ya Nairobi imeyapa maduka ya Embu friji mpya, bure, zenye taa ndani. Sharti lao ni kwamba isiingie chupa ya mtu mwingine. Nilimkuta Ireri wa duka la stendi akipanga chupa zangu sakafuni, kando ya makaa.

"Nisamehe, Wamuyu," akasema. "Friji yangu ya zamani nimemuuzia muuza samaki."

Uji wao wenyewe hawauiti uji. Wanauita kinywaji cha nafaka.

Wameniandikia pia. Wanataka kununua jina langu na mashine, na mimi nibaki mwajiriwa wao. Jibu wanalitaka kabla Machi haijaisha. Meneja wao alionja akasema uji wangu una "ukali usio wa lazima." Maneno hayo yamekaa kichwani mwangu kama wimbo mbaya. Uji huu niliuanza jikoni kwa Mama, nikauchachusha hadi ukapata ladha niliyoikumbuka utotoni. Nikiuuza, sijui nitaamka nikiwa nani.

Nishushe bei? Wao wanaweza kupata hasara mwaka mzima bila kukosa usingizi. Ndiyo maana nakuomba: tuunganishe kampuni zetu. Soko lenyewe ni dogo na tumeligombania vya kutosha.

Mpwa wako,
Wamuyu

Ruiri, 11 Februari 2025

Wamuyu wa kaka yangu,

Goti liko, chumvi nimeipata nyuma ya redio. Salamu kwa Baba yako. Mwambie simu yangu inasikia vizuri, ni yeye anayenong'ona.

Kuungana? Na bosi awe nani? Nimekaa benki miaka mingi nikisimamiwa na watoto wenye tai; sikustaafu nije kusimamiwa na wewe. Halafu uji wenyewe tutauchachusha vipi? Huo wenu wa Embu unakunja uso. Mgeni akiunywa unadhani amefiwa.

Friji zao zimefika hata hapa. Barua yao ninayo pia. Mimi wameniambia uji wangu "hauna msisimko." Yaani wewe umezidi, mimi nimepungua. Wangetuchanganya tu wakaenda nyumbani.

Mimi nimeamua hivi: kama maduka yamenifungia friji, nitauza bila friji. Jumapili ijayo napeleka kreti nne za chupa kanisani, kuna mkutano wa kina mama baada ya ibada. Nitakueleza.

Mshindani wako,
Shangazi

Manyatta, 3 Machi 2025

Shangazi,

Hamjambo? Hujanieleza.

Gitari amepita kwako mara mbili akakuta geti limefungwa. Mara ya pili, anasema, ndani kulikuwa na gari la ile kampuni, na wewe ukiwamiminia chai.

Sijui niulizeje kwa adabu, kwa hivyo nitauliza tu. Umeuza?

Kama umeuza sitakulaumu, nitasema hivyo na nitajitahidi iwe kweli. Lakini nimekuwa nikitembea kati ya mashine nikiwaza kwamba kila nilipoboresha uji wangu, niliufanya ili wewe uuonje uudhike. Nimewahi kuchukia chupa zako zikikaa juu ya zangu pale kwa Ireri. Sasa sakafu yote ni yangu na hainifurahishi hata kidogo.

Tafadhali jibu, hata neno moja.

Wamuyu

Ruiri, 12 Machi 2025

Wamuyu, mtoto,

Sisi wazima. Sijauza! Walikuja, wakanywa chai, wakaondoka na chai yao tumboni. Geti nililifunga kwa aibu, na barua sikuandika kwa sababu hiyo hiyo. Sasa cheka, nimekupa ruhusa.

Kreti niliziweka nyuma ya kanisa, pale jua linapoingia dirishani. Mimi na shahada yangu, na wewe na yako, tunajua fika kwamba uji mchachu nje ya friji unaendelea kuchacha na kutoa gesi. Nami nilikuwa nimekaza vifuniko kwa mkono wangu.

Mchungaji Gedion anasema, "Tuinamishe vichwa." Tukainamisha. Pa!

Mzee Kithaka akalala chini ya benchi, akanivuta sketi: "Jedidah, lala, lala!" Pa! Pa! Povu likaruka hadi kwenye kofia ya Kanana, mke wa mpwa wa Mutuma, na siku zake za kujifungua zimefika. Kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa. Mchungaji akafungua jicho moja akasema, "Amina, na mwenye silaha hii ajitokeze."

Chupa zilizobaki tulizimwaga kwenye sufuria la chai. Na hapo ndipo nilipoudhika kabisa, maana walikunywa wakamaliza, halafu mama mmoja akaniambia mbele ya watu, "Kumbe ni mtamu! Sasa mbona unatuletea kwa vichupa, kama dawa ya kikohozi?"

Shangazi yako mwenye aibu

Manyatta, 14 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Habari za huko? Nimecheka hadi Baba akaja kuuliza nani amekufa. Halafu niliacha kucheka, kwa sababu ya yule mama wa kikohozi.

Shangazi, sisi hatujawahi kunywa uji mchachu kwa chupa! Ukienda kuona mtoto aliyezaliwa unabeba mtungi. Kwenye mahari, mtungi. Kifuniko kimelegezwa, uji unapumua, na unaisha siku hiyo hiyo. Friji ya nini? Chupa niliiga kwao. Nilitaka nifanane na kampuni kubwa, nikaenda kupigana ndani ya sanduku lao lenye taa. Nao, pamoja na pesa zao zote, hawawezi kujua kwamba jirani yangu Purity amejifungua jana. Mimi nilijua kabla ya baba ya mtoto.

Wanawake wa Manyatta wanakwenda kumuona Jumamosi, tarehe ishirini na mbili. Nimewaambia uji nitaleta mimi, wakiupenda waagize, wasipoupenda nitatia sahihi niuze. Nimeapa.

Na nina pendekezo: wewe shika mitungi ya kwenu Meru, mimi ya Embu. Tusikanyagane.

Wamuyu

Ruiri, 18 Machi 2025

Wamuyu,

Salamu nyingi. Kanana amepata msichana, mzima, ana sauti ya kifuniko.

Umesoma biashara chuoni halafu unataka tugawane soko kisirisiri? Hilo ni kosa la kisheria, hata kama ni uji. Tena ni ujinga. Mtungi mmoja ukiwa peke yake, watu wanakunywa, wanafuta mdomo, wanasema asante. Ikiwa miwili, watabishana. Na mtu hawezi kubisha kuhusu uji bila kuonja tena.

Jumamosi nakuja Manyatta na mtungi wangu. Jiandae kulia.

Shangazi

Manyatta, 24 Machi 2025

Shangazi,

Umefika salama? Goti halikuvimba kwa ile densi?

Uliondoka kabla hujasikia yaliyoendelea. Bibi yake Purity alirudi kwenye mtungi wangu mara nne "kuhakikisha." Wale ndugu za mume waliotoka Meru wakasema watu wa Embu hatuna ulimi, na shemeji ya Purity akawajibu kwamba uji wako ni wa watu wasio na meno. Mtoto alilala katikati ya vita vyote. Kabla ya jioni nilikuwa nimeagizwa mitungi ya mahari mbili na ubatizo mmoja, na katika kila shughuli wamesema niwaletee na wako, ili wasuluhishe jambo hili. Gitari anasema atahitaji gari kubwa zaidi.

Ndiyo, mtungi wako uliisha kwanza. Ulikuwa mdogo. Usiwaambie watu wa Ruiri vinginevyo.

Chupa tupu nimempa Ireri, anawekea mafuta ya kupikia.

Ile kampuni nimeijibu leo asubuhi. Niliandika kurasa tatu nikazichana, maana sikuwa na hasira tena ya kuzijaza. Mwishowe nimewashukuru kwa kuonja, nikaongeza mstari mmoja: ukali ni wa lazima.

Mpwa wako na mshindani wako,
Wamuyu