Vidonge Vilivyobaki

Jumanne, 2 Septemba 2025
Baba Griffin ametia sahihi. Dereva wa trekta la miwa, mume wangu kwa miaka ishirini na miwili — tangu Juni hamezi ila uji. Saratani ya umio. Dawa za kawaida zimeshindwa. Sista Chepng'etich, muuguzi wa kliniki ya utafiti, alitusomea fomu polepole: dawa ni mpya, kwanza wanatafuta kiasi ambacho mwili unaweza kuhimili. Si ahadi ya kupona. Nilimwuliza Baba Griffin kama ameelewa. Akasema ndiyo, atapona. Sikuwa na nguvu ya kumrekebisha.

Jumapili, 14 Septemba
Kidonge kimoja kila asubuhi. Anatapika. Ngozi ya viganja inabambuka. Kanisani alisalimia watu mikono ikiwa mfukoni.

Jumatano, 8 Oktoba
Amekula obusuma, ugali wetu! Tonge dogo, na mboga ya mrenda. Likashuka. Tukatazamana. Akaomba lingine.

Jumanne, 21 Oktoba
Sista amepiga simu nikiwa darasani. Utafiti umesimamishwa. Wagonjwa wawili wa kliniki nyingine wameharibika maini. Asimeze tena.
Nikamwambia, lakini huyu anakula. Akasema anajua, mama, ameandika yote, lakini uamuzi ni wa kamati. Nikauliza hiyo kamati nitaipata wapi. Hata yeye hajawahi kuiona.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimemwambia Baba Griffin. Akasema: "Ini ni langu. Waambie nitatia sahihi tena. Wewe ni mwalimu, waongeleshe."
Nimepiga simu kliniki mara nne. Jibu ni lile lile.
Aliniomba kidonge. Sikumpa. Hajanisemesha tangu hapo.

Ijumaa, 24 Oktoba
Sista amekuja mwenyewe kuchukua vidonge vilivyobaki. Yuko sebuleni, anakunywa chai. Nilisema naenda kutafuta chupa. Iko hapa kitandani, kando ya daftari. Vidonge kumi na kimoja.
Namsikia akimwuliza Baba Griffin jana alikula nini.
"Viazi vitamu," anasema. "Viwili. Na ingokho — nyama ya kuku yenyewe, si supu. Nilikuwa nimesahau vile huwanga tamu." Anataja kila kitu taratibu, hata chumvi, kama mtu anayetoa ushahidi.
Kikombe kinawekwa mezani.
"Mama Griffin," anaita, kwa upole. "Umevipata?"
Wote wawili wananisubiri.