Braselé nyekundu

Fidélie, uko? Siamini!

Ile vacances yetu ya Likasi: siku moja parc ya michezo, siku moja kupumzika ku tente, hema yetu. Leo ni ya kupumzika. Bwana yangu Germain asubui anasema, "Naenda kutafuta samaki."

Anarudi saa kumi. Samaki hata moja! Na ku mukono iko na braselé ya parc, ile wanakuvalisha ukilipa kuingia, kila siku na rangi yake. Ya jana ilikuwa bleu. Hii nyekundu. NYEKUNDU, Fidélie!

Namuuliza, "Ni mwanamuke gani?"

Anajibu, "Nilienda kulala ku banc, kile kiti kirefu cha parc. Uliweka tente ya mama yako pembeni ya yetu. Miye nikorome usiku, mukwe wangu anasikia?"

Napiga kelele, "Unanidanganya!"

Papo hapo, mu tente ya pembeni, mama anasema, "Tina, umuache. Hata miye siku tatu silali, naogopa kukoroma."