Uzi wa Nakpo

Tarap, mwezi wa nne

Mwanangu Yangkyi,

Hujambo huko Kathmandu? Huku milimani mimi mzima, magoti yanauma kwa zamu, leo la kulia, kesho la kushoto. Wasema nishuke nikae nawe, eti tangu mama yako afariki nazungumza na ukuta. Si ukuta, ni Nakpo. Ulipozaliwa huna pumzi, nilimweka huru yaki huyo, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, kwa ajili ya uhai wako, nikamtunga uzi mwekundu sikioni: asiuzwe, asichinjwe, asibebeshwe mzigo. Nimwachie nani?

Baba yako

Kathmandu, mwezi wa tano

Shikamoo baba,

Sijambo, ila sufu za mazulia zinanikohoza. Basi mlete Nakpo! Nyuma ya karakana kuna majani. Kitanda chako nimeshakitandika. Jioni napika chai ya siagi ya watu wawili, nusu namwaga.

Mwanao, Yangkyi

Tarap, mwezi wa sita

Marahaba mwanangu,

Nilijaribu. Tulishuka siku mbili hadi kwenye misonobari. Nakpo akaanza kuhema, ulimi nje, kama mtu aliyevaa blanketi tatu mbele ya jiko. Manyoya yale, mapafu yale makubwa, ni ya hewa nyembamba ya huku juu. Akageuka nyumbani bila kuomba ruhusa, nami nikamfuata. Hatuji.

Baba yako

Kathmandu, mwezi wa kumi

Shikamoo baba,

Jirani yetu Karsang ameleta jibini sokoni. Nikamuuliza, "Nakpo hajambo?" Akacheka: "Nakpo yupi, dada? Si alikufa mwezi wa saba!" Baba, barua zako mbili tangu hapo zasema ananisalimu. Sasa nani anakuzuia? Karsang atashuka mara moja tena kabla theluji haijafunga njia. Njoo naye. Kitanda bado kimetandikwa.

Mwanao, Yangkyi

Njiani chini ya Tarap, mwezi wa kumi na moja

Marahaba mwanangu,

Ni kweli. Alikufa kwa uzee, amelala kama anayesubiri chumvi yake. Sikukuambia usije ukadhani uhai wako umekwenda naye. Tena alikuwa kisingizio kizuri.

Nilifunga mlango, nikavaa viatu vya harusi, nikashuka na Karsang. Palepale kwenye misonobari nikasimama.

"Mzee, unaumwa?"

"Nahema."

"Huku hewa tele, mzee! Watu wote hupumua vizuri."

"Mimi si watu wote."

Nikageuka. Sikuomba ruhusa. Karsang amenisubiri niandike barua hii, atakuletea badala yangu.

Kitanda mpe mtu. Kiangazi njoo wewe, upande polepole, ulale kila kituo. Mapafu yako sasa ni ya huko. Uzi wa Nakpo nimeutunga sikioni mwangu, palipokuwa na kipuli cha feruzi. Ukiuona, hutaniuliza tena.

Baba yako