Njia ya Nkubu, Bega kwa Bega na Karimi

Jumamosi jioni, Januari. Mtaa wa Majimbo, Embu.

Mapaja yananiuma hata kuketi ni shughuli. Joto la mchana bado halijatoka ndani ya nyumba, nimefungua madirisha yote, na harufu ya chapati za jirani inaingia bila kubisha. Nina njaa, nina furaha, na tangu nirudi kutoka Nkubu nimelia mara mbili bila kujua hasa nalilia nini.

Wanaosoma blogu hii wanajua kazi yake. Naandika njia za kukimbilia. Nimeandika ile ya juu ya majabali ya Kilifi, ambapo bahari inapiga chini ya miguu yako na upepo unakusukuma kama mtu mwenye haraka. Nimeandika ya kutoka hapa Embu kuteremka hadi Siakago, vumbi jekundu na mbuzi wasiopisha mtu. Kuna msomaji ambaye amekuwa akiniuliza mbona siandiki njia ya kwetu Nkubu, nilikozaliwa. Nimekuwa nikimjibu kwamba bado.

Ukweli ni kwamba njia ya Nkubu sikuwahi kuiona kama yangu. Ilikuwa ya Karimi.

Tulisoma pamoja, mimi na Karimi, tangu shule ya msingi hadi tukamaliza sekondari. Shule yetu haikuwa na uwanja wa maana wa riadha, kwa hivyo mwalimu wa michezo alitutuma barabarani: tupite katikati ya soko la Nkubu, tuteremke hadi kwenye daraja, tupande ng'ambo mpaka kwenye shule ya msingi iliyo juu ya mgongo wa kilima, kisha turudi. Tulikimbia miguu mitupu. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Mimi nilikuwa wa pili, na wa pili wa mbali. Asubuhi zote zile nilichokuwa nikikiona ni mgongo wake ukiingia kwenye ukungu, na nyayo zake kwenye udongo uliolowa.

Tukakua. Mimi nikawa mwalimu huku Embu. Yeye akaolewa na Mutwiri, akafungua duka la nafaka pale pale sokoni. Kisha miaka michache iliyopita macho yakaanza kumsumbua. Presha ya macho, walisema, na walipoigundua ilikuwa imeshakula mengi. Kwanza aliacha kuona pembeni. Halafu sura za watu. Sasa haoni kitu.

Nilienda kumsalimia Krismasi. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba, amevaa sweta zuri, mikono juu ya magoti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Tuliongea habari za watoto, za bei ya maharagwe. Nilipoaga akanishika mkono, akanivuta.

"Makena," akasema, "miguu yangu haikupofuka."

Sikulala vizuri usiku ule.

Nikaanza kusoma jinsi watu wasioona wanavyokimbia. Mnafungana kitambaa mkononi, wewe unakuwa macho. Nikamwomba dada yangu anifunge skafu usoni, aniongoze hapa nje kwenye njia ya Majimbo ambayo naipita kila siku. Sikufika hata kwa jirani. Niliona, yaani nilihisi, kwamba ardhi inaisha mbele yangu. Nikavua skafu, dada yangu akanicheka.

Ndiyo maana leo alfajiri, nilipofika kwao Karimi, nilikuwa na hofu kuliko yeye. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni, hewa baridi, umande kwenye migomba. Karimi alikuwa ameshavaa suruali ya mazoezi ya mtoto wake wa kike, na ameshachana leso kuukuu akapata kipande cha kufungana.

Mutwiri alikuwa amesimama mlangoni. Ni mtu mpole, mnene, mwenye sauti ya chini. Tangu macho ya mkewe yaondoke amefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni ili Karimi aishike anapotembea, na popote waendapo anamshika kiwiko.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ukimaliza kukimbia utarudi Embu. Mimi ndiye nitabaki na mguu uliovunjika."

Karimi ndiye aliyemjibu mumewe.

"Baba Mwenda, mguu ni wangu."

Mutwiri akaingia ndani. Tukaondoka. Nilisikia mlango ukifungwa, na nusura nirudi.

Mwanzo tulikuwa vibaya. Mimi nilikuwa nikivuta, yeye anakanyaga kwa woga, kisigino kwanza, kama mtu anayepima kina cha maji. Nilikuwa napiga kelele kwa kila kitu. Jiwe! Shimo! Maji! Mpaka akasema, "Makena, unaniogopesha. Niambie tu kama unavyomwambia mtu habari." Basi nikashusha sauti. Tukapata mwendo. Miguu yetu ikaanza kutua pamoja, na ghafla nikagundua jambo moja.

Sikuwahi kukimbia kando yake. Hata siku moja.

Tulipoingia sokoni watu walinyamaza. Wale akina mama wanaopanga nyanya waliacha mikono hewani. Kisha mmoja akapaza sauti: "Karimi! Unakimbizwa na nani?"

"Na uzee!" Karimi akajibu bila kupunguza mwendo, na soko lote likacheka, na tukapita.

Ndipo akaanza kuniuliza. Alitaka nimwambie ninachokiona, kwa sababu miaka hii yote amekuwa akipitishwa hapa akiwa ameshikwa kiwiko, kila mtu akimwambia angalia hatua, hakuna anayemwambia angalia barabara. Nikaanza kumwambia. Lile duka la fundi cherehani lenye milango ya kijani na baraza la saruji tulilokuwa tukijificha mvua. Ule ukuta wa mawe. Na tulipoanza kuteremka kwenda darajani, mikaratusi pande zote mbili, mirefu, imekutana juu kama ilivyokuwa.

Tulikimbia kidogo. Akasimama. Kitambaa kikanivuta mkono.

"Mikaratusi iko wapi?"

"Si hii hapa, pande zote."

"Mbona siisikii harufu yake? Na mbona jua linanipiga shavuni?"

Nikainua macho.

Mikaratusi ilikatwa zamani, sijui hata mwaka gani. Mahali pa fundi cherehani pamesimama ghorofa yenye vioo vya buluu, chini wanauza vigae na matangi ya maji. Nilikuwa nimemsimulia mji ambao haupo. Na nisiseme uongo tena hapa: sikuwa namdanganya yeye peke yake. Kila ninapopita Nkubu huwa nauona mji ule wa zamani, huu wa sasa nauruka kwa macho kama mtu anayeruka matope. Nilifikiri nampa zawadi.

"Makena," akasema, na hakuwa na hasira, hilo ndilo liliniuma zaidi. "Ya zamani ninayo. Nimeketi nayo kwenye benchi mwaka mzima. Nipe ya leo."

Basi nikampa ya leo. Nikamwambia visiki vimebaki, na kwenye kimoja mtu ameanika viatu vya mtoto. Nikamwambia kuna kituo kipya cha mafuta ambacho paa lake limeshaanza kushika kutu. Nikamwambia bonde linaonekana lote sasa, kwa sababu hakuna miti ya kulificha, mashamba ya ndizi na kahawa yanashuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni, na moshi wa majiko unapanda wima. "Kumbe bonde linaonekana kutoka barabarani?" akauliza. "Hatukuwahi kuliona." Ni kweli. Hatukuwahi.

Tulipopanda ng'ambo ya daraja aliniua. Mimi ninayekimbia kila wiki nilikuwa nahema, yeye anaimba kwa sauti ya chini, puani. Tukafika juu, kwenye uwanja wa ile shule ya msingi. Ni Jumamosi, hapakuwa na mtoto. Nyasi zimekauka, magoli ya mbao, seng'enge upande mmoja.

"Nifungue," akasema.

Nikaelewa mara moja, na nikatamani nisingeelewa. Alitaka kukimbia peke yake. Niende kwenye goli la mbali, nimwite, aje.

Nilikagua ardhi yote kwa miguu yangu kwanza, nikaondoa mawe na kijiti kimoja. Kisha nikasimama golini nikamwita jina. Aliinua uso. Halafu akaja.

Jamani, alikuja. Si kwa woga ule wa alfajiri. Alikuja na ile hatua ndefu, mabega chini, mikono ikikata hewa, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona Karimi akikimbia kutoka mbele. Nilisahau kuita. Ndilo kosa langu. Sauti yangu ilipokatika akaanza kupotea upande, polepole, kuelekea kwenye seng'enge.

"Mama Mwenda! Kulia! Vuta kulia!"

Sauti ilitoka langoni. Mutwiri. Alikuwa ametufuata kwa pikipiki tangu nyumbani, mbali nyuma yetu, na sikuwahi kugeuka. Karimi akavuta kulia bila kupunguza hata kidogo, akanipita kama upepo, akajikwaa kwenye tuta la nyasi nyuma ya goli na kuanguka kifudifudi.

Mutwiri alivuka uwanja mzima mbio, tumbo likitangulia.

"Nani huyo anahema kama fahali?" Karimi akauliza akiwa bado chini, goti linavuja damu, na alikuwa akicheka mpaka machozi.

Mutwiri akapiga magoti. Akamfuta goti kwa shati lake. Nilisubiri aseme kuhusu mguu uliovunjika. Hakusema. Aliendelea kufuta hata damu ilipokwisha, kisha akaketi pale pale kwenye nyasi kando ya mkewe, wote wawili wakipumua, nami nikaenda kutazama bonde kwa sababu haikuwa haki yangu kuwaangalia.

Hiyo basi ndiyo njia ya Nkubu. Soko, daraja, kilima, uwanja. Mikaratusi hakuna. Ukienda asubuhi kama hii, utaliona bonde lote.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika haya simu ikalia. Ni Mutwiri. Alinijulia hali, akauliza kama nilifika salama, akauliza habari ya mvua huku Embu, mvua ambayo sote tunajua haipo. Kisha akakohoa.

"Mwalimu, hebu niambie. Mtu mwenye tumbo kama langu akitaka kuanza hii kitu, anaanza na nini?"

"Anaanza na kutembea," nikamwambia. "Asubuhi. Na anaongea njia nzima."

"Anaongea nini?"

"Chochote anachokiona, Baba Mwenda. Kama kilivyo."