Nilimponya Mke wa Daktari Kwenye Filamu, Sasa Kina Mama Wanamletea Uji

Shangazi Ciakuthii mpendwa,

Naomba unishike mkono kabla Jumamosi haijafika, kwa maana usingizi umenikimbia na wateja wameanza kutoka kwangu wakiwa wamenyolewa upande mmoja. Mimi ni Kithinji, nina duka la kinyozi hapa Nkubu, na ukutani nimeweka televisheni inayocheza muvi tangu nifungue mpaka nifunge, kwa hivyo watu wa hapa wananiheshimu sana, mtu hawezi kutazama kitu bila kuniuliza, nami nawaambia wazi: za karate za zamani tazama zote, hata iliyo mbaya haikosi mzee wa ndevu nyeupe wa kukufurahisha, za Kihindi tazama, lakini wimbo wa tano ukianza toka nje ununue mahindi ya kuchoma, utarudi uwapate bado wanaimba, hizi mpya zinazopigwa gizani mpaka hujui nani anapiga na nani anapigwa, achana nazo, giza tunaona bure stima ikipotea.

Shida, Shangazi, ni kwamba muvi zangu zote ni zile zilizotafsiriwa, dijei anaongea juu ya Kizungu, anampa stelingi, yule shujaa wa muvi, jina la huku kwetu na kumtukania adui, na tangu utotoni sijawahi kutazama hata moja bila dijei.

Sasa nina mchumba, Wamuyu, anafanya kazi ya ofisi Embu mjini, na Jumapili iliyopita alinipeleka kwao nijulikane na baba yake, Mzee Njue, mwalimu aliyestaafu, pamoja na mama yake huyo mzee, ambaye wote wanamwita Cucu. Tulipomaliza kula, Mzee akatoa muvi yake ya zamani, haina rangi, ya daktari Mzungu anayevuka jangwa na ngamia arudi kwa mkewe mgonjwa, aliiona akiwa chuo cha ualimu na anasema hajaona nyingine ya kuifikia. Akaniambia, "Kithinji, nasikia wewe ni mtu wa filamu. Hii nataka maoni yako."

Tukakaa. Shangazi, kimya! Ngamia akatembea, akatembea, hakuna aliyesema neno, wala dijei hakuna. Cucu alikuwa kando yangu akichambua maharagwe ya njahi, akaniinamia akauliza, "Huyu mtu anaenda wapi?"

"Anaenda nyumbani, Cucu."

"Ametoka wapi?"

Hapo ndipo mdomo uliponiponyoka, nikasema ametoka Gachoka, huku huku Embu, anapanda ngamia kwa sababu magari yamegoma, na yule mwenye kilemba ni chifu anayemtafuta. Cucu alicheka mpaka njahi zikamwagika. "Miaka yote namwona huyu mtu kwa hii nyumba, na hakuna amewahi kuniambia anatafuta nini!" Basi nikapandisha sauti, nikawa dijei kamili, Kimeru na Kiswahili pamoja, hata ngamia nikamfanya aongee, na Mzee akawa ananitazama tu, maana angemnyamazisha vipi mama yake akiwa na furaha vile?

Mwishowe daktari akafika. Akamshika mkewe mkono, mkono ukaanguka. Cucu akanishika na mimi. "Ameenda?" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Shangazi, nilishindwa. Nikasema, "La, Cucu, amezimia tu, wanamleta hospitali huku kwetu Nkubu." Muvi ikaisha. Mzee alipangusa macho kwa leso, akaniambia kitu kimoja tu: "Kijana, umenichekeshea msiba."

Kumbe Cucu hutazama habari tu, na kwake chochote kilicho kwa televisheni ni habari. Jumatano alisimama katika maombi ya kina mama kanisani, akaomba mke wa daktari wa Gachoka akumbukwe. Wakamwombea! Jumamosi wanakuja Nkubu kumwona, gari limeshatafutwa, uji wa wimbi unapikwa. Wamuyu alinipigia simu: "Cucu ananiuliza ni wodi gani. Nimwambie nini?" Nikamsihi amweleze yeye, akakataa, na Mzee naye anasema aliyemlaza hospitali ndiye atakayemtoa. Wamuyu akamalizia: "Umwambie wewe mwenyewe, Kithinji, ama usinipigie tena. Mtu anayefufua wafu ili asionekane mbaya, siku mambo yetu yakiharibika ataniambia nini?"

Mimi nimefikiria nimwambie Cucu mgonjwa amepona, ameruhusiwa, amerudi kwao. Si wote watafurahi? Nisaidie, Shangazi.

Kithinji, Nkubu.

*

Kithinji,

Nilikusoma nikacheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikakasirika. Kaa vizuri.

Tuanze na hayo maoni yako. Unawashauri watu kuhusu filamu ambazo hujawahi kuzisikia! Uliyekuwa ukimsifu ni dijei. Si dhambi, hata mimi madijei wamenivunja mbavu, na wa karate hapungukiwi na kitu akiongezewa maneno. Lakini daktari yule hakukuomba msaada. Za gizani nakuunga mkono, wanunue balbu. Za Kihindi umekosea kabisa: wimbo wa tano ndipo mama mkwe anapotubu, nawe uko nje na hindi lako.

Kumtafsiria Cucu sikulaumu. Bibi wa watu amekaa kando ya filamu hiyo miaka yote na hakuna aliyemwambia hata mtu anaenda wapi. Mwambie Mzee Njue nimesema hivyo. Au ngoja harusi ipite.

Lakini kumponya marehemu, na sasa unataka kutoa sehemu ya pili! Utasema amerudi kwao, Cucu atauliza kwao ni wapi, kina mama watataka kwenda kutoa shukrani, mwishowe utatafuta mwanamke wa kumlaza kitandani afunikwe blanketi. Umeona sehemu ya pili ngapi zilizofaa?

Wamuyu naye hana neno na ngamia wako. Anataka kujua, siku mtoto akiugua au kazi ikiisha, kama atausikia ukweli kutoka kwako au kutoka kwa jirani.

Kwa hivyo Ijumaa funga duka uende Embu. Usipige simu. Mwombe Mzee radhi kwanza. Kisha kaa na Cucu umweleze kwamba wale ni waigizaji, kwamba mama yule baada ya kazi aliinuka akaenda kula, lakini katika hadithi alikufa, na wewe ulimficha kwa sababu uliogopa machozi yake. Atakukasirikia. Mwache. Amezika watu wengi kuliko umri wako, hatashindwa na mmoja wa televisheni. Akitaka itazamwe upya, mtafsirie yanayosemwa tu, na wakinyamaza nawe unyamaze. Kizungu kikikushinda, Wamuyu yupo.

Na uji usimwagwe. Wodi haikosi mgonjwa asiye na wa kumtembelea, kwa hivyo kina mama na waje, nawe uwapokee langoni na ubebe flaski zote. Wagonjwa wakishakunywa, mchukue Wamuyu mkae mahali, umwulize yeye anapenda filamu gani. Katika barua yako yote hujaniambia.

Shangazi Ciakuthii